Lami ya Kwenye Mkebe

Lynnet ndiye aliyeniambia, Jumatano moja mvua za mwaka huu zilipokuwa zimeshika, tukipukuchua mahindi barazani. Alipima lami kwenye maabara ya barabara yetu ya Rangwe mpaka walipomwachisha kazi. Alisema bila kuinua macho, akiniita bibi kwa Kijaluo: "Dani, ile ya mpira haikumwagwa. Ilimwagwa ya kawaida. Fanuel alijua."

Fanuel ni kitinda mimba wangu, msimamizi wa barabara hiyo.

Nilikumbuka mwaka juzi, Fanuel alivyokuja na mkebe wa maziwa ya unga umejaa lami. Aliipasha jikoni, akachovya kijiti, akavuta. Uzi mweusi ukanyooka urefu wa mkono. Akaukata katikati, nao ukarudi taratibu kama konokono anayeingia gambani.

"Imechanganywa na mpira, Mama. Jua haliiyeyushi, lori la miwa haliipasui. Hawatarudi kuchimba hapa mpaka wajukuu wako wazeeke."

Kwa neno hilo nilikubali kaburi la baba yake lihamishwe kutoka ukingoni mwa barabara. Kwetu kaburi halihamishwi hivi hivi. Wajane wenzangu wawili walikuwa wamekataa kabisa ya waume wao yaguswe. Nikaenda kwao mwenyewe, mkebe kapuni, nikawavutia uzi. Mmoja wao, Pamela, alicheka, akasema nimekuwa injinia uzeeni. Kisha naye akakubali.

Sasa barabara imepasuka kama visigino vyangu. Wamepiga rangi nyekundu pale magari yatakapopitia wakichimba upya. Rangi imepita juu ya makaburi mapya, yote matatu.

Jumapili Fanuel alikuja na mkate na sukari. Nilikuwa nimeokota kipande barabarani, nikakipasha kando ya mkebe. Mbele yake nikachovya vijiti viwili, kimoja kwa kila lami, nikavuta. Ya mkebe ilinyooka, ikarudi. Ya barabarani ilikatika.

Aliviangalia vile vijiti.

"Ya mkebe ilikuwa ya kuwaonyesha wakaguzi."

"Na mimi?"

"Wewe watu wanakuamini, Mama."

Nikampakulia ugali, akala wote. Nikamwambia kwa Pamela ataenda yeye, na vijiti vyote viwili, avute mwenyewe. Akasema sawa, apumzike tu kidogo. Akajinyoosha kwenye mkeka, jua bado liko juu.

Nilimvua viatu vyake vyenye lami, nikaviweka mlangoni, ncha zikielekea kwa Pamela. Nilipogeuka kumwambia viko tayari, alikuwa amelala.