Bolti ya Jumamosi

Gari lilimfia mwoka keki siku ya Jumapili alasiri, katikati ya barabara, keki ya harusi ya ghorofa tatu ikiwa kwenye buti. Siku zote sita za kazi lilikuwa nazo, likaziacha zote, likachagua hiyo.

Lilikuwa gari kuukuu la rangi ya maziwa, na umri wake ulitosha kabisa kupiga kura. Miaka yote hiyo liliishi kwa mkono wa mtu mmoja, baba yake mwoka keki, fundi magari mstaafu, ambaye jana yake tu, yaani Jumamosi, alikuwa amelimwagia oili ya zamani na kulitilia mpya. Kwa hiyo binti wa watu aliendesha bila wasiwasi wa injini. Wasiwasi wake ulikuwa nyuma, kwenye keki. Jicho moja barabarani, jingine kwenye kioo, na kila shimo analipita kwa kusimamisha pumzi. Ndiyo maana ile taa nyekundu ya oili hakuiona mapema. Alipoiona, injini ilikwisha kuanza kugonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Kisha chuma kikasaga chuma, na kimya kikafuata.

Akalisukumia ukingoni kwa mwendo uliobaki. Akageuza ufunguo. Tak. Akageuza tena. Tak.

"Leo?" akaliambia. "Leo kweli? Yaani umekosa siku nyingine?"

Akapiga simu kwa Spana. Huyu Spana alikuwa fundi mwenye gereji yake na pikapu yake, lakini ufundi aliupata kwa baba huyohuyo, tangu hajui kutofautisha plagi na betri. Alifika haraka, akafungua boneti, akatikisa kichwa, akaifunga.

"Dada, tuanze na aliye hai. Keki iko wapi?"

Wakaihamisha boksi kwa boksi. Ghorofa ya chini mwoka keki aliipakata mwenyewe, zile mbili ndogo akazibana kati ya miguu na boksi la vyuma, na Spana, mtu ambaye siku zote huendesha kana kwamba anafukuzwa, akatambaa njia nzima huku akiomba radhi kila tairi linapogusa kokoto. Walifika ukumbini wageni wakiwa bado wanatafuta viti. Waridi moja la sukari lilikuwa limevunjika. Akaligeuzia ukutani, akashusha pumzi. Bibi harusi hakujua, na mpaka leo hajui.

Jioni gari lilikuwa gerejini kwa Spana. Spana akaingia chini yake, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatoka akifuta mikono kwa tambara. Akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imetakata.

"Injini imenoki, dada. Imekwisha. Kuifufua ni ghali kuliko gari lenyewe."

"Imenoki vipi? Baba kaweka oili mpya jana."

Spana akatazama pembeni. "Lala hapa uone."

Akalala chali juu ya kadibodi, gauni la harusini na yote. Spana akamulika tochi. Chini ya injini palikuwa na tundu la mviringo, dogo kuliko kidole gumba, tupu, na pembezoni mwake oili imetapakaa nyeusi.

"Hapo ndipo inapokaa bolti ya kumwagia oili. Haipo. Imelegea njiani, ikadondoka, na oili yote ikaifuata."

"Bolti inadondokaje?"

"Ikikazwa haidondoki," Spana akasema, kisha akajuta kusema. "Mimi sijasema kitu, tafadhali. Yule mzee ndiye aliyenishikisha spana mara ya kwanza. Tulikuwa tukisahau kukaza bolti anatucharaza kwa tambara la oili shingoni. Mimi ninamjua, na akilijua hili atalala asiamke. Mwambie injini imechoka."

Mwoka keki alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa Spana alitaka kumpeleka. Alihitaji kutembea. Gari lenyewe halikumliza. Akiba aliyokuwa nayo aliiweka kwa ajili ya jiko kubwa la kuokea, basi itanunua gari, jiko litangoja. Mumewe, ambaye kazi yake ilimweka mbali na kumrudisha mwisho wa mwezi, alikwisha kumwambia kwa simu kwamba afanye hivyo na asijiulize mara mbili. Kilichomsumbua ni Jumamosi.

Tangu mama yake afariki, miaka sita sasa, baba yake alikuwa akija kila Jumamosi saa mbili asubuhi na kisanduku chake cha vyuma. Haingii ndani. Anafungua boneti, naye binti anatoka na chai, wanasimama pale. Mazungumzo yao yalikuwa: washa. Zima. Nipe spana namba kumi na saba. Siyo hiyo, hiyo ni kumi na tisa. Saa nne anafunga boneti, anasema "Haya mama, nimekwenda," anakwenda. Mtu mwingine angeona ni ufundi tu. Yeye alijua kwamba hayo ndiyo maneno yote waliyobaki nayo, na kwamba wawili hawa, waliokuwa wakizungumza kupitia kwa mama, hawakuwahi kujifunza kuzungumza kwa njia nyingine. Gari likienda, Jumamosi itakwenda nalo. Na mzee akijua kwamba ni mkono wake ulioiua ile injini, hata sababu ya kutoka kitandani ataipata wapi?

Jumatatu akapiga moyo konde, akaenda kwake. Mzee alikaa kwenye chumba kimoja nadhifu, vyuma vimepangwa ukutani kwa ukubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umekuja Jumatatu?"

Akamwambia. Na hapo akadanganya, tena kwa ufasaha ambao hakujua anao: kwamba taa ya oili ilikuwa ikiwaka mara kwa mara, naye akaipuuza, akaendelea kuendesha, mpaka injini ikafa. "Ni uzembe wangu, baba. Nisamehe."

Alingoja kukaripiwa. Kwa baba huyu, kupuuza taa ya oili lilikuwa kosa la kunyimwa urithi. Lakini mzee aliitazama tu mikono yake iliyolala mapajani.

"Taa iliwaka mara kwa mara," akarudia polepole.

"Ndiyo."

"Basi. Limekwenda, limekwenda."

Upole huo ulimtisha binti kuliko kelele. "Nitanunua jingine. Twende ukanichagulie."

"Twende," mzee akasema, bila kuinua macho.

Jumatano walikwenda yadi ya magari. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, amenukia kiasi kwamba ungeweza kumfuata ukiwa umefumba macho, na alianza kusifu kabla hawajauliza. Gari la kwanza alilowaonyesha liling'aa mpaka mwoka keki akajiona uso mzima kwenye mlango. Mzee hakulitazama. Aliweka kiganja juu ya boneti.

"Nani alikuwa akiliendesha asubuhi hii?"

"Hakuna, mzee wangu. Liko hapa tangu juzi."

"Mbona lina joto?"

Muuzaji akakohoa.

"Mmeliwasha kabla hatujafika," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ikawa na meno. "Linasumbua kuwaka likiwa baridi, mkalipasha moto ili wateja wasijue. Nimefanya kazi hii tangu baba yako hajaota ndevu. Tuonyeshe lililo baridi."

Mwoka keki akageuka pembeni asije akacheka mbele za watu. Huyo ndiye baba aliyemjua. Moyo ukamrudia mahali pake.

La pili lilikuwa la bluu, dogo nje, refu ndani, buti lake bapa kama meza. Boneti ilikuwa baridi. Mzee alikagua matairi, akainama kutazama chini, akamwagiza binti aliwashe. Likawaka mara moja, likatulia, likanguruma kwa sauti ndogo. Mzee akaliinamia akisikiliza, akaonekana kuridhika.

"Zima. Nitazame oili."

Akashika kifuniko cha oili, akakizungusha. Hakikusogea. Akajaribu tena, kwa mikono miwili. Vidole viliteleza. Akafuta kiganja kwenye suruali, akajaribu mara ya tatu, na binti akaiona mikono ile ikitetemeka, siyo kidogo, na mishipa ya shingo ikimtoka mzee wa watu kwa kifuniko ambacho mtoto wa shule angekifungua.

"Kimebana hicho," muuzaji akadakia, "ngoja niki..."

"Hakijabana," mzee akasema. Akasimama wima. Akamtazama muuzaji mpaka muuzaji akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine.

Wakabaki wawili mbele ya boneti iliyo wazi, kama Jumamosi zote, ila hapakuwa na chai.

"Ile bolti," mzee akasema. "Sikuikaza."

Binti akamgeukia.

"Spana iliniponyoka. Nikasema nitairudia kwa nguvu zaidi, kidole kikakataa. Nikasema inatosha. Ilikuwa haitoshi, nami nilijua. Tangu Jumatatu silali. Wewe unaniambia taa, taa. Nami nimekaa pale nikakuachia ubebe kosa langu, mtu mzima na mvi zangu. Ungekuwa kwenye mteremko je? Ningekuua, mwanangu."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Mwoka keki hakuwahi kuyaona hivyo, hata siku ya kumzika mama.

"Nilijua, baba," akasema.

"Ulijua nini?"

"Bolti. Nililala chini ya gari nikaliona tundu."

"Lini?"

"Jumapili."

Mzee akamkodolea. "Kwa hiyo habari ya taa ulitunga?"

"Taa iliwaka. Mara moja tu. Hayo mengine nilitunga."

"Na ukaniangalia usoni!"

"Na wewe ukaniangalia usoni ukasema limekwenda, limekwenda!"

Walitazamana. Aliyeanza kucheka ni mzee, kicheko cha puani kwanza, kisha cha kifuani, mpaka akajishikiza kwenye gari la watu. Binti naye akafuata, huku machozi yakimtoka bila ruhusa. Muuzaji alichungulia kutoka ofisini, akadhani wamepata kasoro. Walipomaliza kucheka, mzee alipumua kwa nguvu, kama aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Fungua wewe hicho kifuniko," akasema.

Akakifungua. Oili ilikuwa safi. Jioni gari la bluu lilikuwa mlangoni kwake, na karatasi za yadi zilisema kwamba matengenezo yote ya mwaka wa kwanza yangefanywa hukohuko yadi. Mtu mwingine asilifungue. Mzee alizisoma karatasi hizo neno kwa neno, akazirudisha, akasema ni vizuri.

Ndipo hofu ya kwanza ikarudi, ile ya Jumamosi. Siri ilikuwa imekwisha, mzigo umetuliwa, lakini kazi nayo ilikuwa imekwisha.

Jumamosi mwoka keki aliamka mapema kuliko kawaida. Saa mbili ikafika, akachungulia dirishani. Gari la bluu lilikuwa peke yake. Saa mbili na robo. Akapiga mayai kwa ajili ya keki ambayo hakuna aliyeiagiza. Saa mbili na nusu akajiambia: haya ndiyo niliyoyaogopa. Akajikaza, akashindwa, akafuta macho kwa aproni yenye unga na kuyafanya mabaya zaidi.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa baba yake. Miaka sita hakuwahi kuugonga mlango ule. Alivaa shati lililopigwa pasi, mikono mitupu, nayo hajui aiweke wapi.

"Nimechelewa. Pasi ilinisumbua."

"Baba, gari halina tatizo lolote," binti akasema, na papo hapo akatamani kuyarudisha maneno kinywani.

"Najua halina." Mzee akamtazama unga wa usoni. "Nani alikwambia nilikuwa nakuja kwa ajili ya gari?"

Binti akabaki ameshika mlango.

"Lile la zamani lilikuwa zima, mama. Nusu ya vitu nilivyovifungua mle ndani havikuwa na ubaya wowote. Leo nafungua, wiki ijayo nafunga. Ningekuja nikwambie nimefuata nini?"

"Na mimi," binti akasema, "ile kelele ya mlango wa nyuma niliyokulalamikia mwaka mzima..."

"Haikuwepo."

"Ulijua?"

"Mimi ni fundi, mwanangu. Miezi kumi na miwili nimetafuta kelele ambayo haipo. Utanikaribisha ndani, au tusimame hapa kama tulivyozoea?"

Akamkaribisha. Mzee akavua viatu, akazunguka jikoni akitazama mabakuli na vipimo kwa makini, akauliza hiki cha nini, na hiki je, na kwa nini keki haishuki katikati. Kisha akavuta kiti, akakaa.

Siku hiyo aliondoka saa kumi na moja jioni.