Mstari Alioota Verlie

Dada yangu Verlie Stamper aliwaambia watu wa redio kwamba ule wimbo ulimjia ndotoni, hotelini, mvua ikinyesha. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi hadi hoteli yenyewe naiona, na mapazia yake. Ila mimi, Oma, mdogo wake, nilikuwepo wimbo ulipozaliwa. Ulizaliwa jikoni kwa mama, hapa bondeni kwetu Kentucky, asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto.

Verlie alikuja na gitaa lake, amekwama. Alikuwa na mstari mmoja tu: Usiweke komeo, mama, niko njiani. Aliurudia na kuurudia mpaka mama akatoka nje kulisha kuku. Mimi nilikuwa navunja maharage mabichi kwenye bakuli. Sikuinua hata kichwa. Niliimba tu kama mtu anayejisemea: Na nisipofika, usiliweke vilevile.

Verlie akaacha kupiga. Kisha akauandika upesi nyuma ya bahasha, utadhani aliogopa nitamnyang'anya.

Kule Nashville, wanakouza nyimbo, kuna desturi ambayo hata wahuni wanaiheshimu. Wimbo ukizaliwa chumbani, kila aliyekuwa chumbani anaandikwa kuwa mtunzi, hata kama kazi yake ilikuwa kufungua dirisha. Verlie anaijua desturi hiyo vizuri sana, maana ameshawagombeza wengine kwa kuivunja. Lakini santuri ilipotoka, jina lilikuwa moja. Nadhani aliona jikoni si chumba.

Ule wimbo ndio uliompandisha. Alipata basi refu lenye jina lake ubavuni, magauni ya shanga, nywele zilizosimama mpaka nikawa namwonea huruma shingo. Alitoka kuimbia walevi wasiomsikiliza, akafika kwenye kumbi ambazo watu walilia kabla hajafungua mdomo.

Mimi nilibaki bondeni, na wimbo ukawa unanifuata. Nachagua viazi dukani, nausikia kwenye spika za darini. Nimelala kwa daktari wa meno, mdomo wazi, nausikia. Siku nyingine nilijiona kama niko ndani ya ndoto ya mtu, maneno yangu yanapita hewani na mimi sina sauti ya kuyaita. Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika miaka arobaini na moja, kwa adabu. Fedha zake sikuzitaka hata senti. Nilitaka aseme tu mara moja, kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba nilikuwepo.

Mwaka huu alikuja, kama kila mwaka, kwa Jumapili ya Mei ya kupamba makaburi. Majira ya baridi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, na sauti yake ilikuwa imeshuka na kukwaruza. Tukiwa tunafunga maua ya karatasi kwenye waya, akaniambia kwamba Nashville wanataka kumpa heshima vuli hii, na lazima auimbe ule wimbo. Akaniomba niende nisimame nyuma yake, nimshikie sauti ya juu.

"Kwani uliuota wapi vile, dada?" nikamuuliza.

"Oma, usianze."

"Sijaanza. Nauliza hoteli."

Akalifunga ua lilelile mara tatu. Nikamwambia basi, akaimbe na hoteli yake.

Makaburini meza zilikuwa zimeshatandikwa kando ya uzio, kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, pai za kila aina. Tulilipamba kaburi la mama, kila mmoja upande wake. Mama alifariki miaka mitatu baada ya wimbo kutoka, wakati wa theluji. Verlie alikuwa Texas akiimba, na alifika siku moja baada ya mazishi. Hatujawahi kulizungumza.

Baada ya sala, binamu yetu Harless, asiyeweza kuona watu wametulia, akamwomba Verlie auimbe. Akasimama karibu na mama, bila gitaa. Mwanga ulikuwa laini, maua ya karatasi yanatikisika kilimani kote, na ile sauti mpya nzito ikatoka polepole mpaka nikasahau nina hasira. Usiweke komeo, mama, niko njiani. Kisha akanyamaza.

Watu wakatazama chini. Walidhani koo limemshinda. Lakini alikuwa ananitazama mimi, mdomo ameufunga, anangoja. Nikamwacha angoje. Nikamwacha zaidi ya nilivyopaswa, na sijutii. Halafu nikaimba.

Niliimba kama ninavyouimba nikiwa peke yangu, sauti ikishuka taratibu mwisho wa mstari. Kwenye santuri ya baadaye, ile inayopigwa kila mahali, sauti inapanda, na pale ndipo ukumbi mzima husimama na kupiga makofi. Verlie akanifuata kwa chini. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumwimbia mtu sauti ya pili.

Tulipomaliza, Harless akacheka, akasema Oma ameharibu wimbo wa watu, pale unapanda.

"Hajaharibu," Verlie akasema, na kila mtu akamsikia. "Mstari ni wake. Aliutunga yeye jikoni, mimi nikiwepo. Aliyeuharibu ni mimi."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka yote ile. Nikamshika mkono, nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini aliupandisha.

"Nilijaribu kushuka, mdogo wangu," akasema. "Siku ya kurekodi mara ya kwanza nilishuka vizuri tu. Lakini tangu mama afe, kila nikishuka pale namwona amekaa anaangalia mlango. Nikaurekodi upya nikipandisha, ili niweze kumaliza. Halafu nikasema nimeota, maana ndoto haimjui mama."

Santuri ya kwanza kabisa sikuwahi kuisikiliza, kwa hasira. Kumbe ndani yake aliuimba kama mimi.