Mgeni wa Kwenye Hedifoni

"Unanisikia, Salome?"

"Nakusikia, mwalimu. Ila namsikia na mtu anabanja karanga."

Aneth akageuka. Bibi Scolastika, mama wa mama yake, alikuwa mkekani na ungo wake, akizivunja karanga kana kwamba kila moja ilikuwa imemkosea.

Hedifoni zile alizinunua Kahama kwa Nasibu, muuza vifaa vya simu. Aneth alitaka zisizompika masikio kwa joto la mtaa wao wa Kambarage, tena zitakazomwacha amsikie bibi akiita, maana miguu ya bibi siku hizi haimfikishi mbali. Nasibu akamtolea zenye vikombe vilivyotobolewa nyuma kama chekeche. "Hizi zinapumua, dada. Maiki hazina, lakini nakupa hii ya kubandika, inashika kwa sumaku." Hakusema kwamba kinachopumua huingiza na kutoa. Sauti za nyumbani zilimwingia Aneth kama mtu asiyevaa kitu masikioni, na sauti ya Salome ikatoka hadi mkekani. Maiki nayo haikubagua, ikachukua vyote na kuvipeleka Geita, kwa Salome.

Na Salome alikuwa mtu wa kushikwa kwa mikono miwili. Alipikia wachimbaji huko machimboni, jirani na karasha linalosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, na alitaka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Aneth, aliyemaliza chuo na bado hajapata ajira, aliamini kwa moyo wote kwamba msichana mmoja akivuka, wengine watamfuata. Lakini vipindi vya mwanzo vyote vilikuwa vimeharibika kwa kelele, na mchana ule Salome alikuwa ametuma ujumbe: "Leo ikishindikana tuache tu mwalimu. Watu wananicheka hapa, napigia simu kelele kama kichaa."

"Haya," Aneth akasema. "Theluthi moja, ujumlishe na robo..."

"We Aneti," bibi akaita. "Huyo anayeongea ni nani?"

"Mwanafunzi wangu, Bibi."

"Mbona hajasalimiwa?"

Aneth akaishusha maiki hadi kidevuni. Salome akalalamika kwamba sauti imepotea. Akaipandisha, karanga zikarudi. Akaongeza sauti ili alishinde karasha, na Salome akazidi kusikika chumba kizima.

"Bibi, huyu yuko Geita!"

"Mimi namsikia yuko hapa. Mtu sauti yake imeshaingia ndani, unamwanzishia hesabu hata hujauliza kwao hawajambo? Hii nyumba ya nani?"

"Bibi, nakuomba. Salome, theluthi moja..."

"Ndiyo maana hajibu. Hata mimi nisingejibu."

"Nyamaza basi!" Uvumilivu ulikuwa umemkatika. "Kila siku unaniharibia!"

Karanga zikanyamaza. Bibi akamtazama mjukuu wake, kisha akautazama ungo. Hedifonini likabaki karasha peke yake, likiunguruma.

"Samahani, mwalimu," sauti ndogo ikasema. "Nilikuwa nimekaa kimya nakokotoa. Basi, naona nakusumbua."

"Si wewe, Salome! Nilikuwa namwambia..." Akakwama. Amwambieje mtoto wa watu kwamba maneno yale alimrushia bibi yake?

"Asante kwa yote, mwalimu. Acha nikate."

"Mwadila, mayu!" bibi akapaza sauti kutoka mkekani, akimpa salamu ya mchana kwa kilugha cha kwao.

Aneth akafumba macho, akingojea mlio wa simu kukatika.

"Mwadila," Salome akajibu polepole. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwenu wapi?"

"Tinde, Bibi."

Bibi akamtupia Aneth jicho la mtu aliyeshinda kesi; kumbe mgeni ni mtu wa kwao. "Mama yako mhola, hajambo?"

"Mhola. Alikuwa anaumwa, sasa anaendelea vizuri." Sauti ilikuwa imelegea, kama mtu aliyetua mzigo. "Hapa hakuna anayeniuliza habari za mama. Wananiita Wali tu, kwa sababu ya ninachopika."

"Hapa wewe ni Salome. Sasa mjibu huyu hesabu yake. Ana kelele, lakini ana moyo mzuri."

"Mimi ndiye nina kelele?" Aneth akamaka.

Salome akacheka. "Saba juu ya kumi na mbili, mwalimu. Niliipata kitambo."

"Ndiyo yenyewe!" Aneth karibu aruke. "Kesho, saa hizi hizi?"

"Kesho. Ila nianze na Bibi. Tena sijamuuliza habari za miguu, nilikusikia siku ile ukimwambia asisimame."

Simu ilipokatika, Aneth alivua hedifoni akapiga magoti kando ya mkeka. "Nisamehe, Bibi."

Bibi akamsukumia ungo. "Kazi hii ina kelele. Imalize kabla ya kesho." Kisha akaibandua maiki ile kwenye hedifoni, akaigeuzageuza kiganjani. "Na hiki kidudu kesho nibandikie mimi. Nimechoka kupaza sauti."