Koti la Zamu

Tangu siku waliyotoka kumzika Bonge, vipande vya kitambaa cha sufu vilikuwa juu ya meza ya kukatia, na Njiti alikuwa akivipita polepole, kama mtu anayempita mgonjwa aliyelala.

Walikuwa mafundi wa nguo wa chumba kimoja. Bonge alikata, Njiti alishona. Majina hayo walipewa na wateja, na hakuna aliyehitaji kuuliza nani ni nani. Kanuni yao ilikuwa moja: Bonge akishachora chaki, Njiti anashona penye chaki. Haulizi, wala hapimi tena. Watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini Bonge alijibu kwamba wao ni ng'ombe wa maziwa.

Safari ilianzia kwenye kalenda ya ukutani yenye picha ya theluji. Mwaka wake ulipita, wakaiacha palepale.

"Siku nne tu, shoga," Bonge alisema. "Nikaikanyage, nirudi kwenye mkasi wangu."

Basi kila kazi kubwa ya sare ilipolipwa, sehemu ilikwenda kwa wakala wa tiketi. Bajeti waliipanga kwa mdomo, cherehani ikienda.

"Chumba kimoja," anasema Njiti.

"Kitanda kimoja," anaongeza Bonge.

"Kitanda kimoja na wewe? Mimi nitalala wapi, darini?"

"Ubavuni kwangu. Tutaokoa pesa ya blanketi."

Penye makoti walikwama. Makoti mawili ya baridi yalitaka kuimeza bajeti nzima.

"Tushone moja," Bonge akaamua. "Tuvae kwa zamu. Asubuhi wewe unatoka kwenye theluji, mimi nakaa dirishani nakuchungulia. Mchana tunabadilishana."

"Likikutosha wewe, mimi si litanimeza?"

"Nitakata katikati. Wewe utaogelea kidogo, mimi nitabana pumzi kidogo. Urafiki ndio huo."

Walicheka mpaka uzi ukakatika.

Kisha Bonge akaanza kupungua. Alisema anafanya mazoezi ya kuingia kwenye koti. Njiti alicheka mara ya kwanza, mara ya pili hakuweza. Siku Bonge alipokata ile sufu, alikata ameegemea meza, na hakutaka kusaidiwa. Njiti aliviona vipande kutoka kwenye cherehani yake. Vilikuwa vipana kwelikweli. Akajiambia, mtu anayekata koti pana hivyo ana nia ya kulivaa. Tumaini hilo alikaa nalo mpaka hospitali ilipopiga simu.

Sasa wakala naye alikuwa amepiga. Tiketi ya marehemu ilikwishafutwa. Ya Njiti ilihitaji jibu kufikia Ijumaa, la sivyo ingepotea.

"Nenda, mdogo wangu," dada yake alimwambia.

"Niende na nani?"

"Na miguu yako."

"Dada, hata koti lenyewe ni la watu wawili."

"Lishone kwanza. Ukilivaa ukaona hakuendeki, baki."

Alhamisi Njiti akakaa kwenye cherehani. Hakukaa kwa sababu ya safari. Katika miaka yao yote, kazi iliyokatwa na Bonge haikuwahi kulala bila kushonwa, na aliona aibu kuanza leo. Akachukua ubavu wa kwanza, akashtuka. Kwa kawaida Bonge aliacha upana wa kidole nje ya chaki, kitambaa cha kufichwa ndani ya mshono. Hapa aliacha kiganja kizima.

"Umekosea, shoga," Njiti alisema, chumba kikiwa kitupu.

Lakini kanuni ni kanuni. Akashona penye chaki, ubavu, mabega, mikono. Alipomaliza alilivaa, akasimama mbele ya kioo cha wateja.

Mabega yalikaa juu ya mabega yake. Mikono iliishia kwenye vifundo vya mikono yake. Vifungo vilikutana bila kuvuta wala kulegea. Maisha yake yote alikuwa amewashonea wengine, na hakuwahi kuvaa nguo iliyomkaa hivyo. Akabaki amesimama, akisubiri ile sauti iliyokuwa ikiwaambia wateja, "Haya, geuka nikuone."

Akageuka.

Kisha akalivua, akaligeuza ndani nje. Upana wote wa Bonge ulikuwa mle, nyuma ya mshono. Ile katikati ya vipimo vyao viwili haikuwepo. Haikuwepo tangu mwanzo. Bonge alikata akijua ni nani atakayelivaa, akaacha kitambaa kipana ili mwenzake, akitazama kutoka kwenye cherehani, aendelee kuamini habari ya zamu.

Njiti akakaa chini, akalia. Hakuwa amelia hivyo hata makaburini.

Fundi yeyote hukipunguza kitambaa kinachozidi, maana huleta uzito. Njiti alishika mkasi wa Bonge, akaurudisha mezani. Akakilaza kile kitambaa, akakishikiza kwa mkono, polepole, akakifunika kwa bitana. Koti likawa zito kidogo ubavuni, kama mtu amekushika kiuno.

Ijumaa alitembea nalo mwilini juani mpaka kwa wakala, jasho likimtiririka. Wakala akaangua kicheko.

"Dada, hiyo baridi umeitoa wapi?"

"Naizoea."

"Kwa hiyo unakwenda?"

"Nakwenda."

"Kiti cha dirishani au cha kando?"

Njiti akapitisha kiganja ubavuni mwa koti, pale palipokuwa pazito.

"Dirishani," akasema. "Tulipatana mmoja wetu achungulie."