Mechi Isiyo na Mpira

Miguu yangu haijui kukaa, na dada yangu analijua hilo. Kila akiwa na ujumbe mzito hunituma mimi. Safari hii alinituma kwa mwanawe. Kijana huyo alipokuwa chuoni aliitikisa ligi nzima ya vyuo, mabeki wakimwita Utelezi, halafu alipohitimu akaenda zake kufundisha hesabu na mpira kwenye shule ya msingi. Sasa klabu kubwa ilikuwa imemtumia gari. Lilisimama getini mwa shule, dereva amepakata mkataba, na jibu lilitakiwa jioni ile ile.

"Wewe ndiye mjomba," dada aliniambia. "Kamtie akili."

Nilimkuta uwanjani. Jua lilikuwa limelainika, vumbi limesimama hewani kama limesahau kushuka. Watoto walikuwa wakikimbia, wakipigiana pasi, wakikwatuana. Nikatazama, nikafikicha macho. Mpira haukuwepo.

"Mmeibiwa?" nikamuuliza.

"Shikamoo, mjomba. Mpira uko stoo. Ukiwepo wanaufuata wote kama kuku waliomwagiwa mtama. Nikiuficha, wanaanza kutazamana."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Maana haukupita muda, nami nikawa nauona: unapita kwa winga, unapaa, unatua kifuani mwa mtu. Ukaja upande wangu, nikainamisha kichwa.

"Mzee kaogopa!" watoto wakaangua kicheko.

"Gari linakusubiri," nikamwambia mpwa wangu. "Mama yako anasema ngoja ngoja huumiza matumbo."

Akageuka kulitazama. Akalitazama sana, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mtaa wa pili.

Pale pale kelele zikalipuka golini.

"Bao!"

"Bao la wapi? Umegonga mwamba!"

"Sasa kipa wenu analia nini?"

Kipa, binti waliyemwita Kufuli, alikuwa amekaa chini, magoti yamechubuka. "Mwalimu aseme," akasema. "Mwalimu anauonaga siku zote."

Wote wakamgeukia. Filimbi ilikuwa mdomoni, haikulia. Akaitoa.

"Sikuuona," akasema polepole.

Watoto walimtazama kana kwamba taa imezimika ndani ya nyumba.

Akatembea hadi getini. Aliinama dirishani kwa dereva, wakazungumza, wakapeana mikono. Gari likaondoka taratibu, naye akabaki amelisindikiza kwa macho mpaka kona ikalimeza. Aliporudi macho yalikuwa na maji, ila yalikuwa yamerudi naye.

"Kufuli, uliingia?"

Binti akafuta pua. "Uliingia, mwalimu. Umenipita hapa, katikati ya miguu."

"Basi ni bao. Wekeni kati."

Mechi ilipopamba moto tena, simu yangu ikaita. Dada.

"Enhe! Amesemaje? Amepanda gari?"

"Subiri kidogo, dada yangu," nikamwambia. "Wanapiga kona."