Ubao wa Kwenda Ukweni

Mzee Wabwile wa Kitale hakumtukana Wakhungu. Alisema tu, kwa upole, mbele ya watu, kwamba binti yake Phelista hawezi kuposwa na mtu anayeletwa mgongoni kama gunia la mahindi. "Akuje mwenyewe mpaka ndani ya geti. Akibebwa, asirudi." Upole wa namna hiyo mimi siuamini.

Wakhungu ni binamu yangu. Polio ilimlemaza miguu akiwa mdogo, na kule Bungoma alijisukuma kwa ubao wenye magurudumu ya beringi, viganjani amefunga vipande vya tairi, akiuza kadi za simu karibu na stesheni. Kwenye lami tambarare hakuna aliyemweza. Lakini boma la Mzee Wabwile liko juu ya mlima, na mikono peke yake haikuuweza.

Basi nikasema nitamwekea mota. Mimi fundi wa baiskeli, umeme sikuujua hata wa tochi, ila mdomo ninao. Nitin, ambaye baba yake ana duka la nguo mjini, aliletewa na jamaa zake wa Uingereza ubao mrefu wa magurudumu wa kuteleza, akauchoka, akanipa. Nikaufungia mota ya feni ya rejeta ya gari, mnyororo wa baiskeli, betri ya gari nyuma, na mbele swichi ya taa ya nyumba.

Manjit, mwenye gereji, aliitazama swichi akacheka. "Hii moto wa mota itayeyusha, ishikane, bana. Weka rilei ibebe umeme."

"Najua, nitaweka," nikasema. Sikujua rilei ni nini. Kuuliza si ujinga, lakini mafundi wake walikuwa wanasikiliza, nami nikaona haya.

"Na breki?" Wakhungu akauliza.

"Si uko na mikono?"

Tukajaribu nyuma ya stesheni. Washa, zima, washa, zima, ubao ukatii. Wakhungu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jumamosi moja ya mwaka 2006 tulifika chini ya ule mlima. Alikuwa amevaa suti na tai. Akavifungua vile vipande vya tairi, akanipa. "Leo sitaki waone nimevaa viatu kwa mikono." Nikavitia mfukoni, mjinga mimi.

Akabonyeza swichi. Ubao ukapanda lami chakavu ukinguruma, mimi nyuma nikikimbia. Wanawake wakapiga vigelegele. Hata Mzee Wabwile, pale getini, alipiga makofi mara moja kabla hajajikumbuka.

Wakhungu alipoingia getini nilimwona anabonyeza swichi azime. Akabonyeza tena, na tena. Ilikuwa imeyeyuka ndani, ikashikana. Uwanja ulikuwa tambarare, umesakafiwa, na ubao ukazidi mwendo. Akashusha viganja vitupu kwenye saruji, nikamsikia akilia. Alivipita viti vya wazee, akaingia moja kwa moja jikoni.

Humo ndimo alimojificha Mama Sellah, mamake Phelista. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakutani hata njiani, sembuse kugusana. Wakhungu alimgonga, akamwangukia mapajani.

Hakuna aliyemkimbilia. Mama Sellah alijifunika leso usoni, akatoka mbio akipiga mayowe. Shangazi wakageuza nyuso. Mimi nikang'oa waya.

"Amegusa mama," akasema Mzee Wabwile. "Ng'ombe hata kumi haiwezi funika hii kitu. Mtoe." Nakuapia, alikuwa amefurahi.

Phelista alikuja mpaka mlangoni, akaitazama ile mikono. "Nilikuambia tutoroke," akasema. "Wewe ukataka kuonekana." Akawafuata shangazi zake.

Viganja havikuwa na ngozi. Nikachuchumaa mbele yake, nikampa mgongo. Alikataa muda mrefu, watu wote wakitazama, kisha akaniwekea mikono shingoni, na damu yake ikanitiririkia kifuani hadi barabarani. Mwezi mzima nilimlisha ugali kwa mkono wangu, tonge kwa tonge. Alikuwa akifungua mdomo na kufumba macho, asinione.