Kipa Amerudi Kalamba

Nzomo hakuwa amekanyaga kwao Kalamba tangu homa ya uti wa mgongo ilipomwacha hasikii hata radi. Krismasi mbili zilimpita akiwa Nairobi, akimwambia mkewe Kanyiva kwamba kazi ya useremala imemzidi. Kanyiva alijua si kazi. Nzomo alikuwa mtu wa porojo, na hakutaka marafiki wa utotoni wamwone ametumbua macho huku wao wanacheka. Kule nyumbani aliyejua ni mama yake tu, Kaluki, naye aliombwa asimwambie mtu.

Mwaka huu Kanyiva hakubembeleza. Alifunga mizigo, akamwandikia kwenye simu: "Mimi na watoto tunaenda kwa nyanya yao. Wewe ukitaka, baki."

Nzomo akawafuata.

Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na Kaluki walimkuta akipalilia kunde. Alitupa jembe, akaja mbio, akamshika mwanawe mashavu kwa mikono yenye udongo. Midomo yake ikacheza. Nairobi, Nzomo alishindwa kabisa kusoma midomo ya watu. Lakini mdomo huu alikuwa ameutazama tangu kabla hajajua kusema.

"Umekonda," mama alisema kwa Kikamba. "Kwani huko hamli?"

"Tunakula, mwaitu," Nzomo akamjibu mama yake, kisha akashtuka. Alikuwa ameelewa! Kanyiva alijifanya anafungua mizigo, asionekane akilia.

Kesho yake Nzomo alienda sokoni kununua nyama. Muli, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa akitengeneza pikipiki kando ya barabara. Alimwona, akamwita. Nzomo akapita. Akamwita tena, kwa nguvu. Nzomo hakugeuka. Waliokuwa pale wakacheka. "Huyo sasa ni mtu wa Nairobi, Muli. Achana naye."

Jioni Muli alifika kwa Kaluki amenuna. Alimkuta Nzomo akirekebisha mlango wa zizi la mbuzi, akasimama mbele yake.

"Nimekukosea nini? Simu zangu hushiki. Leo nimekuita mpaka watu wananicheka, na wewe unapita tu kama mheshimiwa!"

Nzomo aliona midomo ikienda mbio na macho yamewaka. Hakushika hata neno moja. Mama yake alikuwa ametoka jikoni, amejiziba mdomo kwa kiganja kana kwamba siri itamponyoka. Nzomo akamwonea huruma. Aliweka nyundo chini.

"Muli, mimi sisikii."

"Husikii nini?" Muli akauliza, akigusa sikio lake.

"Sisikii chochote. Niliugua, masikio yakaenda. Niliona haya kuwaambia."

Muli akaketi juu ya gogo, hasira imemwisha. Akajipangusa uso kwa mkono wenye grisi mpaka ukawa mweusi. Kisha akainuka, akamshika rafiki yake mabega, akasema polepole, "Na macho? Unaona?"

"Naona."

"Mpira unaona?"

Nzomo hakuelewa. Muli akapiga teke hewani, kiatu kikachomoka na kumtimua kuku. Nzomo alicheka mpaka akashika mlango.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, vijana waliobaki nyumbani hucheza na wale waliotoka mjini. Timu ya mjini haikuwa na kipa, na zamani Nzomo ndiye alikuwa kipa wa shule. Alikataa. "Filimbi sitaisikia. Nitakuwa kichekesho."

Muli hakubishana naye. Alienda katikati ya uwanja, akawaita wachezaji wote pamoja na refa, mwalimu Kyule. Nzomo alimwona akigusa sikio, kisha akiinua mikono juu. Wote wakatikisa kichwa kukubali.

Nzomo akaazima viatu, mpira ukaanza. Muda si muda Nzomo alimwona Kyule akivimbisha mashavu kwenye filimbi, na mara hiyo kila mtu uwanjani akanyoosha mikono juu: wapinzani, watoto waliokaa kando, hata Kaluki na leso yake. Pale golini, Nzomo naye akainua yake.

Baadaye mpira mwepesi ulimpita katikati ya miguu. Uwanja mzima ukacheka. Hicho ndicho alichokuwa amekiogopa muda wote huo, na sasa kilipofika alijikuta naye anacheka, akimnyooshea kidole beki wake kama zamani.

Timu ya mjini ilifungwa vibaya. Walienda kula mbuzi kwa Muli, na huko Nzomo akasimulia vituko vya wateja wake. Mengi waliyosema wenzake yalimpita. Alipokosa neno aliuliza, na Muli akalirudia polepole, mara nyingine akiwa na nyama mdomoni, na hapo hakuna aliyeelewa.

Walipokuwa wakiagana, Muli alimgusa bega ili amtazame, akasema polepole huku akimwonyesha miguu.

"Aprili shule zikifungwa, ukuje na viatu vyako. Hivi vya kuazima vimekufanya bata."

"Nitakuja," alisema Nzomo. "Na wewe ujifunze kupiga mpira, si kuku."